Bangi na Mitandao ya Kijamii: Kanada Ambayo Vijana Hawaoneshwi

Leo tuangalie hoja anazotoa kijana wa Kitanzania anapoitetea bangi. Zamani alizichukua kijiweni, siku hizi anazipata kwenye simu. Nyingi si uongo mtupu bali ni nusu ya ukweli, na ndiyo maana zinamnasa hata kijana mwenye akili darasani.

Inasemwa, kwa mfano, kwamba Umoja wa Mataifa umeihalalisha bangi. Kilichotokea ni kwamba tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Dawa za Kulevya ya umoja huo ilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa mwaka 1961, lenye masharti makali kuliko yote. Ikabaki katika Jedwali la Kwanza, zilimo kokeini na mofini. Video ya sekunde 30 haina nafasi ya sentensi hiyo ya pili.

Lakini mfano unaopendwa zaidi ni Kanada. Ni kweli, tangu tarehe 17 Oktoba 2018 mtu mzima nchini humo anaruhusiwa kisheria kununua na kuvuta bangi. Asichoambiwa kijana wetu ni kwamba sheria hiyohiyo inakataza kuitangaza bangi kwa namna itakayowavutia vijana. Imekataza tangazo kutumia mtu maarufu au ushuhuda wa mtumiaji, na imekataza kuihusisha bangi na maisha ya anasa, burudani, msisimko au ujasiri. Kumuuzia mtoto ni kosa la jinai. Sasa fikiria video zinazozunguka mitandaoni: msanii kashika msokoto, gari la kifahari nyuma yake, muziki juu, vicheko. Mfanyabiashara wa bangi wa Kanada angetumia video ya aina hiyo kama tangazo lake, angeshtakiwa. Yaani wanaoitolea mfano Kanada wanaieneza bangi kwa njia ambayo Kanada yenyewe imeipiga marufuku!

Nayo programu ya mtandao haijali ukweli. Ukitazama video moja hadi mwisho, inakuletea nyingine ya aina hiyo, kisha nyingine, mpaka uamini kwamba dunia nzima inavuta. Kijana aliyelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe kwa kuchanganyikiwa baada ya kuvuta kwa miaka hafiki kwenye simu hiyo, kwa kuwa hakuna anayemrekodi.

Kuhusu hoja kwamba bangi ni tiba, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kifafa kikali cha watoto itokanayo na mmea wa bangi. Kiambato chake ni CBD, ambayo hailevyi, na hupimwa kwa kipimo cha daktari. Msokoto wa mtaani hauna kipimo.

Sheria yetu ya mwaka 2015 inakataza bangi, na kijana anajua hivyo. Kumtisha kwa sheria pekee hakujibu alichokiona. Wazazi na walimu, kaeni naye, mwombeni awaoneshe video hizo, kisha mmsomee sehemu iliyoachwa. Nanyi wasanii, wafuasi wenu wengi ni watoto wa shule: uondoeni msokoto kwenye video zenu.