Mabingwa Wadogo Kuliko Wote: Dawa za Ng'ombe Zinazosoma DNA

Kuanzia Kisanga na Mikumi hadi uwanda wa Mkata, mfugaji wa Kilosa hahitaji kuambiwa mbung'o ni nani. Anajua nagana inavyomkondesha ng'ombe hadi mbavu zihesabike, na anajua unga wa njano unaouzwa kwenye duka la dawa za mifugo. Lakini ndani ya paketi ile kuna mashindano makubwa: molekuli ndogo mno zinatafuta herufi maalumu katika DNA ya kimelea cha nagana, kile anachoeneza mbung'o, na kuzing'ang'ania. Hawa hapa washindi.

1. MWEPESI KULIKO WOTE: diminazini

Wengi wanaiita Berenil, jina ililoingia nalo sokoni mwaka 1955, miaka 6 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Uzito wa molekuli yake ni 281. Molekuli ya sukari ya chai ni 342! Kitu chepesi kuliko chembe ya sukari kinamwangusha adui wa fahali wa kilo 300.

Na idadi yake? Paketi ya kawaida ya gramu 2.36 ina gramu 1.05 tu ya dawa yenyewe. Unaikoroga kwa mililita 12.5 za maji safi, inamtosha fahali huyo mmoja. Ukizigawa molekuli zake kwa Watanzania wote waliohesabiwa kwenye Sensa ya 2022, watu 61,741,120, kila mmoja ataondoka na takriban trilioni 20.

2. MWENYE SHABAHA KALI: diminazini tena

DNA ina upana wa nanomita 2. Tuikuze mpaka ienee upana wa basi, mita 2.5. Kwa kipimo hicho diminazini inakuwa na urefu usiofika mita 2, sawa na mtu mzima aliyelala. Kimelea chenyewe, cha mikromita 20, kinanyooka kilomita 25, yaani nusu ya kipande cha barabara kuu ya Zambia kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi. Katika masafa hayo mtu huyu lazima apate mahali panapomtosha barabara, na anapata kwa kupapasa tu.

Siri iko kwenye umbo. DNA imesokotwa kama kamba, na msokoto huo unaacha mifereji miwili, mmoja mpana, mwingine mwembamba. Penye herufi A na T mfululizo, mfereji mwembamba hubana zaidi na sakafu yake ni laini. Diminazini imepinda kama hilali, inalala humo ikifunika herufi nne hivi, mfano AATT. Ncha zake zina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, basi zinavutana, kisha vifungo vya hidrojeni vinakaza. Penye herufi G kuna kinundu kinachochomoza sakafuni, na dawa inakosa pa kulala. Kinundu kimoja cha atomu chache ndicho kinachoamua.

3. MKUFU MKUBWA KULIKO YOTE: DNA ya kinetoplasti

Hapa ndipo dawa inapopiga, na sioni maajabu yanayozidi haya katika viumbe. Pembeni mwa kiini chake, kimelea cha Trypanosoma brucei kina fungu la DNA lililojaa A na T, lenye maelfu ya pete ndogo na makumi ya pete kubwa, zote zimepitana kama mkufu. Kwa kipimo chetu cha basi, pete ndogo ya herufi 1,000 ina mzunguko wa mita 425, zaidi kidogo ya raundi moja ya uwanja wa riadha. Pete kubwa, ya herufi 23,000, inakaribia kilomita 10. Fikiria maelfu ya viwanja vya riadha vilivyofungamana! Kabla kimelea hakijagawanyika lazima kinakili kila pete, na dawa iliyolala mferejini inaivuruga kazi hiyo.

4. MLINZI WA MUDA MREFU: isometamidiamu

Diminazini hutibu na kuondoka. Isometamidiamu hubaki mwilini na kumkinga ng'ombe kwa miezi 2 hadi 4. Ni chotara: imeundwa kwa kuunganisha homidiamu, mshindi wetu wa tano, na kipande cha diminazini, na sehemu yake bapa hujichomeka katikati ya vidato vya ngazi ya DNA. Uwanja wake wa heshima ni ranchi ya Mkwaja, pwani ya Tanga, ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Saadani. Katika miaka ya 1970 maelfu ya ng'ombe wa Borani walifugwa pale kati ya mbung'o, wakilindwa kwa dawa hizi mbili.

5. MAARUFU KULIKO WOTE MAABARA: homidiamu

Ilianza kama dawa ya ng'ombe mwaka 1952. Ikishika DNA chini ya mwanga wa urujuanimno hung'aa rangi ya machungwa, na maabara za dunia nzima zikaifanya taa yao.

6. MSOMAJI WA MANENO MAREFU: poliamidi

Mwaka 1998 kundi la Peter Dervan, huko California, lilionyesha molekuli ya kutengenezwa inayotambua herufi 16 mfululizo. Pima tofauti. Neno la herufi 4 hujitokeza kwa bahati mara moja katika kila herufi 256. Katika viti 60,000 vya Uwanja wa Mkapa lingepata viti 234. Neno la herufi 16 hujitokeza mara moja katika 4,294,967,296: kiti kimoja katika viwanja zaidi ya 71,000 vya ukubwa ule! Kwa kusoma hakuna aliyemkaribia kati ya washindi hawa, ila bado hajamponya ng'ombe hata mmoja.

Kwa hiyo kombe linakwenda kwa diminazini, na hata bingwa huyu hushindwa akipunjwa. Kimelea kilichoonjeshwa dozi pungufu hujifunza kuistahimili. Mfugaji, mkadirie ng'ombe wako kwa utepe wa kupimia uzito, mpe miligramu 3.5 kwa kila kilo au kiasi atakachoagiza afisa mifugo, na usigawe paketi moja kwa ng'ombe wawili wakubwa.