Saa za usiku zilipotea wapi? Mchoro wa masini ulituonyesha

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaongoja nyumbani kila mwisho wa mwezi, tunataka kuwaeleza habari ya mchoro mmoja. Wengine watasema: sendika na michoro ya ordinateri, wapi na wapi? Sisi pia tulisema vile, mpaka tukaona mchoro unaweza kula saa za mtu.

Mwaka jana kompanyi moja ambamo tuko na delege ilihamisha hesabu ya mahudhurio na mishahara kwenye kile wanachoita wingu, nuage kwa Kifaransa. Msitafute juu mbinguni. Wingu ni ordinateri za watu wengine, zimefungiwa ndani ya majumba makubwa, na kompanyi inazipanga kama unavyopanga nyumba kwa mwezi. Amazon ilifungua majumba ya namna hiyo Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua yake Johannesburg mwaka 2024. Kwa hiyo beji unayoipitisha mlangoni hapa Katanga inaweza kuhesabiwa kule Afrika ya Kusini, na fishi ya mshahara ikarudi hapa siku ya malipo.

Miezi ya kwanza ilienda vizuri. Kiisha watu wa posti ya usiku wakaanza kutuletea fishi zao, mmoja, wawili, kumi: saa za ziada hazimo. Mama mmoja alikuja na fishi ya mumewe mkono mmoja, na karatasi ya minervali ya watoto mkono wa pili. Alihesabu mbele yetu mara tatu, kwa sauti. Hesabu yake ilikuwa sawa, fishi ndiyo ilikuwa na shimo.

Tukaomba mkutano. Ofisi ya mishahara ikatuletea kijana wa ordinateri, na kijana akaleta mchoro. Mchoro mzuri kweli! Rangi ya bluu na ya machungwa, masanduku yamepangwa kama ndoo kisimani, mishale imenyooka. Hapa mlango mkubwa, hapa mlango mdogo, hapa pa kuweka data, hapa mishahara. Milango yote miwili ilikuwa na mshale unaofika mpaka kwenye mishahara. Mkubwa wa ofisi akatuambia: “Munaona? Njia iko wazi. Kama saa haiko, ni mutu ndiye hakupitisha beji.”

Yaani watu wote wa usiku, siku moja, wakasahau beji. Tulinyamaza, juu ya heshima.

Mzee mmoja kati yetu, aliyefanya kazi na matopografe miaka mingi, akauliza swali moja tu: “Nani alichora hii?” Kijana akajibu bila kuficha: “Ni masini, papa. Akili ya bandia.” Mzee akarudia: “Sasa masini ilijua namna gani?”

Hapo ndipo tulipojifunza, na inafaa tueleze polepole. Msaidizi wa akili ya bandia hana kalamu. Unamwandikia kwa maneno ya kawaida: tuko na milango miwili ya beji, data inaenda pa kuwekwa, kiisha inaenda kwenye mishahara, nichoree. Yeye anaandika mistari mifupi kwa lugha ya kuchora, kama ile inayoitwa Mermaid au Graphviz. Mstari unaweza kuwa hivi: Mlango --> Mishahara. Programu nyingine inasoma mistari hiyo na kutoa masanduku na mishale. Kazi ambayo fundi angeifanya nusu siku inaisha kabla chai haijapoa. Kijana alisema alichora ile yake usiku wa kuamkia mkutano, kwa maneno aliyoambiwa na mkubwa wake. Mkubwa alisema milango yote miwili inatuma kwenye mishahara, masini ikachora milango yote miwili inatuma kwenye mishahara. Masini haikusema uongo. Ilichora kile ilichoambiwa, paka hicho.

Wachimbaji, ninyi mnajua hii kuliko mtu yeyote. Ramani ya mgodi inaweza kuwa safi na bado ikaua. Tarehe 24 Julai 2002, kwenye mgodi wa makaa wa Quecreek, jimbo la Pennsylvania kule Marekani, wachimbaji walitoboa ukuta wa mgodi wa zamani uliojaa maji. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha kwamba mgodi ule wa zamani uko mbali. Haikuwa ramani ya mwisho. Watu walikuwa wamechimba zaidi, na kazi yao ya mwisho haikuwamo ndani yake. Tisa walikimbia wakatoka, tisa wakafungiwa chini saa zaidi ya 77. Mungu alisaidia, na mashine ya kutoboa ikasaidia, wote wakatolewa wazima. Lakini tangu siku ile, ukituletea ramani tunauliza kwanza: ya tarehe gani, na ilipimwa na nani?

Basi tukamwuliza kijana: je, kuna namna masini ichore kile kilichopo, si kile kilichosemwa? Akafikiri. Akasema iko. Siku hizi mafundi wa wingu hawajengi kwa mkono peke yake. Wanaandika kila kitu ndani ya mafaili, kwa lugha kama Terraform: ordinateri ngapi, ziko mji gani, mlango gani uko wazi, data inalala wapi, inafutwa lini. Wingu linajengwa kufuatana na maandishi hayo. Ukimpa msaidizi mafaili yale ayasome, halafu ukamwomba mchoro, anachora kutoka kwenye maandishi yenyewe na si kutoka kinywani mwa mkubwa.

Mkubwa hakupenda. Alisema ni siri ya kompanyi, na hapo alikuwa na haki kidogo. Ndani ya mafaili kunaweza kuwa na nywila na funguo, na vitu vile havipashwi kupewa msaidizi yeyote wa intaneti. Ukimpa, umetupa ufunguo wa nyumba sokoni. Tukakubaliana kijana aondoe funguo zote kwanza, atumie msaidizi ambaye kompanyi yenyewe imeruhusu, na afanye kazi mbele ya delege wawili. Sisi hatukutaka kubeba hata faili moja, tulitaka kuona.

Wiki iliyofuata mchoro wa pili ukatoka. Haukuwa mzuri kama wa kwanza. Masanduku yalikuwa mengi, mishale inapishana kama waya za umeme za mtaani kwetu. Lakini mzee wetu wa topografia aliweka kidole mahali pamoja na hakukiondoa. Mlango mkubwa: mshale, pa kuweka data, mshale, mishahara. Mlango mdogo: mshale, sanduku la kuweka data, halafu basi. Hakuna mshale unaotoka. Sanduku liko peke yake, kama mtu aliyeachwa stesheni.

Mlango mdogo ndio wa posti ya usiku.

Tena msaidizi alikuwa ameandika neno dogo pembeni, kwamba sanduku lile lina amri ya kufuta kila kitu kilichopitisha siku 14. Amri ya namna hiyo ni ya kawaida kwenye wingu, inawekwa ili gharama isipande. Kwa hiyo saa za wenzetu zilifika salama, zikalala siku 14, zikafutwa. Hakuna mtu aliyeziiba kwa mkono. Lakini mtoto aliyefukuzwa shule juu ya minervali, umwambie nini? Kwamba mshale ulisahauliwa?

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kiisha akasema: “Ni kweli. Ile haiko.” Tunamheshimu kwa neno hilo.

Saa zenyewe hazikurudi kutoka kwenye wingu, juu kilichofutwa kilifutwa. Zilirudi kutoka kwenye kayee ya kapita wa usiku, ile ya kurasa zilizokunjwa, yenye mafuta ya mashine, ambayo mkubwa alitaka tuiache tangu wingu lije. Kapita aliendelea kuandika majina kila usiku, kwa kuwa aliizoea. Kompanyi imelipa sehemu kubwa. Majina machache yangali yanabishaniwa, na tunayashika.

Msifikiri sasa kwamba mchoro wa pili ni Injili. Kijana mwenyewe alituonya. Mtu anaweza kuingia kwenye wingu akabadilisha kitu kwa mkono bila kuandika ndani ya faili, na mchoro unaotoka kwenye faili hautaonyesha. Ni kama kuchimba bila kumwambia topografe. Kuna amri ya kulinganisha maandishi na hali yenyewe, na tumeomba ipitishwe kabla ya kila mchoro mpya.

Na kuna jambo lingine tuliloliona kwenye mchoro ule, hatukuwa tumelitafuta: sanduku lililoandikwa kliniki. Majibu ya vipimo vya mapafu na ya damu ya wafanyakazi yako kwenye wingu lile lile, na mishale miwili inatoka pale. Mmoja unaenda kwa daktari. Wa pili unaenda kwenye ofisi ya wafanyakazi, ile inayoajiri na kufukuza. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna ulinzi wa data za mtu. Tumeandika barua kuuliza ule mshale wa pili unabeba nini, na kwa ruhusa ya nani.

Mchoro umebandikwa ofisini kwetu, na tarehe iko juu yake. Wenye kupima mapafu mwaka huu, pitieni muuone kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Na ninyi wa usiku, mje na fishi zenu za miezi mitatu; kayee ya kapita iko hapa.