Ngiri, Busha na Mshipa: Uvimbe wa Kinena katika Mtihani wa Upasuaji na katika Kiswahili cha Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Daktari anayejiandaa kwa mtihani wa upasuaji hurudia orodha ya maradhi isiyobadilika sana kutoka mwaka hadi mwaka: uvimbe wa kinena, uvimbe wa shingo, uvimbe wa titi, vidonda sugu vya mguu, bawasiri, tumbo la ghafla. Katika orodha hiyo, uvimbe wa kinena na wa mfuko wa korodani hukaa mbele. Wagonjwa wake ni wengi, kwa kawaida hawana maumivu makali, wanaweza kuchunguzwa na watahiniwa kadhaa kwa siku moja, na kosa la mtahiniwa huonekana papo hapo. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika (COSECSA), kilichoundwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, hutahini kwa Kiingereza, na mafunzo ya uzamili ya udaktari katika vyuo vikuu vya Tanzania hutolewa kwa lugha hiyohiyo. Mgonjwa wa Kibiti hueleza maradhi yake kwa Kiswahili. Makala haya yanafafanua kinachotokea baina ya lugha hizo mbili pale maneno yanayotumika ni ngiri, busha na mshipa. Hoja yake ni kwamba mtahiniwa anayerudia somo hili bila kuyapitia maneno hayo matatu anaweza kufaulu mtihani na bado akakosea utambuzi wa maradhi wodini.

2.0 Delta na maradhi yake

Mto Rufiji huingia Bahari ya Hindi kwa milango kadhaa, mkabala na kisiwa cha Mafia, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko. Kata za Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala leo zimo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Wakazi wake hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na husafiri kwa mtumbwi au boti. Saa ya kuondoka huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Jambo hili litarejewa, kwa kuwa lina uzito wa kitabibu.

Mazingira haya ni ya mbu, na mbu wa jamii za Anopheles na Culex hueneza minyoo ya filaria iitwayo Wuchereria bancrofti. Minyoo hiyo iliyokomaa huishi ndani ya mirija ya limfu. Athari zake zinazojulikana zaidi ni matende, yaani kuvimba kwa miguu, na busha, yaani maji kujaa katika utando unaoizunguka korodani. Tanzania ilianza mwaka 2000 kutoa kingatiba kwa jamii nzima, ikianzia Mafia, kwa kutumia ivermectini na albendazole mara moja kwa mwaka. Dawa hizo hupunguza vijiminyoo katika damu na kwa hiyo hukata maambukizi. Haziwezi kutegemewa kuliondoa busha lililokwisha kukua. Hilo ni la kisu. Ndiyo maana mwanagenzi wa upasuaji anayefanya kazi Pwani hukutana na mabusha mengi kuliko anavyotarajia msomaji wa kitabu kilichoandikwa Ulaya, nayo huja yakiwa yamechanganyika na henia zinazopatikana kila mahali duniani.

3.0 Maneno matatu na mipaka yake

Nadharia ya uwanja wa maana, inayohusishwa na Jost Trier (1931), hushikilia kwamba neno hupata maana yake kwa kupakana na maneno jirani, na kwamba lugha mbili zinaweza kuligawa eneo moja kwa mipaka tofauti. Kinena ni eneo moja. Kiingereza cha mtihani hulikata kwa kufuata kilichomo ndani ya uvimbe: utumbo, maji, mishipa ya damu iliyopanuka, au korodani yenyewe. Kiswahili cha pwani hulikata kwa kufuata mahali uvimbe ulipo, unavyohisiwa na mwenye nao, na heshima ya kuutaja.

Busha ndilo neno lenye mipaka iliyo wazi zaidi. Hutaja uvimbe mkubwa wa kudumu wa mfuko wa korodani, na mara nyingi hulingana na kile ambacho maandishi ya afya huita ngirimaji. Hata hivyo, msemaji halioni lile tofauti analoliona daktari. Henia ya siku nyingi iliyoshuka hadi chini huitwa busha pia, maana kwa macho ya nje zote mbili ni uvimbe uleule. Imani iliyoenea pwani kwamba busha huletwa na madafu nayo haibagui.

Ngiri ni neno pana kuliko yote. Katika vitabu vya tiba limepewa kazi ya kutaja henia, na uteuzi huo una mantiki. Mitaani neno hilo lina maisha yake mengine: maumivu ya tumbo ya kukata na kuachia, kiuno kuuma, tumbo kunguruma, hata kupungua kwa nguvu za kiume. Mtu anaweza kuwa na ngiri kwa miaka 10 bila uvimbe wowote, na waganga wa tiba asili hutangaza dawa yake hadharani. Istilahi iliyosanifiwa na neno la kila siku zina umbo moja na haziwiani. Hali hii ni ya hatari kuliko ya istilahi ngeni kabisa, kwa sababu daktari na mgonjwa wote wawili huamini kwamba wameelewana.

Mshipa ni neno la stara. Kwa maana ya msingi ni njia ya damu, na kwa upanuzi hutumika kwa neva na kano. Mzee asiyetaka kutaja sehemu za siri mbele ya kijana husema tu kwamba ana mshipa, naye aweza kuwa na busha, henia, au mishipa ya mbegu iliyopanuka. Mara nyingine hata neno hilo huachwa, na mke wake huja kueleza kwamba baba ana maradhi ya kiume. Mwanagenzi aliyezoea kutafsiri mshipa moja kwa moja atafikiri ameambiwa habari ya damu.

4.0 Uchunguzi kwa lugha mbili

Hatua zinazotakiwa na watahini zinajulikana. Mgonjwa huchunguzwa akiwa amesimama, kisha akiwa amelala. Huombwa akohoe. Vidole hujaribu kufika juu ya uvimbe: vikifika, uvimbe umeanzia katika mfuko wa korodani, visipofika, umeshuka kutoka kinena. Hutazamwa kama unarudi ndani, kama korodani inashikika peke yake, na kama mwanga wa kurunzi unapenya. Nundu ya mfupa wa kinena hutumika kutenganisha henia ya kinena, iliyo juu yake na kuelekea katikati, na henia ya paja, iliyo chini yake na kuelekea nje. Mtahiniwa aliyejiandaa huzitamka hatua hizi bila kusita.

Katika delta, hatua mbili kati ya hizo zahitaji tahadhari ambayo orodha fupi za marudio huiacha. Ya kwanza ni kurunzi. Busha la filaria la miaka mingi linaweza kuwa na ukuta mnene, au maji yaliyochanganyika na limfu au damu, na mwanga usipenye. Mtahiniwa aliyekariri kwamba busha hung’aa ataliita henia, au atalihofia kuwa saratani. Kwa mtoto mchanga kosa hugeuka, maana utumbo wenye ukuta mwembamba nao unaweza kupitisha mwanga. Hatua ya pili ni vidole kufika juu ya uvimbe. Busha kubwa sana huweza kupanda hadi kinena, na mtu mmoja anaweza kuwa na busha na henia kwa pamoja, jambo ambalo maswali ya kuchagua jibu moja hulisahau.

Pale mikono inapofikia mpaka wake, historia ya ugonjwa huwa na thamani zaidi, na historia hukusanywa kwa Kiswahili. Swali la “Una ngiri au busha?” halifai, kwa sababu linamtaka mgonjwa atoe utambuzi. Yanayofaa ni maswali kuhusu mwendo wa uvimbe. Je, ulianzia juu ukashuka, au ulianzia chini ukapanda? Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, upo au haupo? Ukibeba gunia la mpunga au ukivuta nyavu, unaongezeka? Umewahi kuurudisha kwa mkono? Henia huwa na desturi ya kuanzia kinena, kuongezeka kwa kazi na kupungua kwa kulala. Busha huanzia chini, hukua polepole, wala halijali kama mwenye nalo amelala au amesimama. Mvuvi asiyejua neno lolote la kitabibu huyajibu maswali haya kwa usahihi mkubwa, kwa kuwa ameishi na uvimbe huo kila siku.

Adabu nayo ni sehemu ya uchunguzi. Mtihani hutoa alama kwa kujitambulisha na kuomba ridhaa. Kwa mzee wa Mbuchi au Nyamisati, ridhaa huanza kwa “Shikamoo, mzee” na kwa kuwatoa nje wanawe na wakwe zake kabla ya shuka kufunuliwa. Mwanagenzi wa kike anayemchunguza mzee wa umri wa babu yake hueleza kwanza atakachogusa na sababu yake, tena kwa maneno kama “huku chini” na “kokwa”, akiliepuka “pumbu”, ambalo ni tusi masikioni mwa wengi. Daktari akiharakisha hatua hii, mzee hujibu maswali yote kwa “hapana”, na karatasi ya historia hujazwa vizuri huku ikiwa haina ukweli ndani yake.

5.0 Neno, sindano na maji kupwa

Mkanganyiko wa maneno huzaa makosa ya aina mbili kuu. La kwanza ni sindano. Yeyote anayeamini kwamba kila uvimbe uitwao busha una maji, akachoma sindano ili kuyatoa, anaweza kutoboa utumbo.

La pili ni kuchelewa. Henia ikinasa na damu ikakoma kufika kwenye utumbo uliomo, utumbo huo huanza kufa ndani ya saa chache. Mgonjwa husema, “Ngiri imenibana.” Kauli hiyohiyo ameitumia mara nyingi kwa msokoto wa tumbo uliopoa wenyewe, na jamaa zake wameizoea. Basi huchemshiwa mizizi na kuambiwa alale. Kufikia hapo maji yamekupwa, boti imekaa juu ya tope, na safari ya kutoka Kiongoroni hadi barabara ya Kibiti yapaswa kungoja maji yajae. Mhudumu wa zahanati aliyefundishwa kuuliza maswali matatu ya ziada (uvimbe umekuwa mgumu? haurudi tena? unatapika?) anaweza kuokoa saa hizo kabla ya maji kuondoka. Mhudumu aliyesikia neno ngiri tu hana cha kumharakisha.

Kambi za upasuaji wa mabusha, ambazo zimekuwa zikiendeshwa katika mikoa ya pwani, huonyesha upande mwingine wa jambo hili. Tangazo husema mabusha, na watu huja na kila kinachobeba jina hilo. Operesheni ya busha huukata au kuugeuza utando uliojaa maji. Ya henia hurudisha utumbo na kuuimarisha ukuta wa kinena, nayo hudai muda, vifaa na ganzi kwa hesabu nyingine. Anayepanga orodha ya wagonjwa kwa kufuata neno walilojiandikishia hugundua tofauti hiyo mezani, mgonjwa akiwa amekwisha kukatwa. Kinyume chake nacho hutokea: mwenye busha ambaye kwa stara huliita mshipa hulisikia tangazo na kuona halimhusu.

Kamusi ya Tiba ya TUKI na kazi za usanifishaji za BAKITA zimewapa madaktari istilahi za kuandikia. Barua ya rufaa kutoka zahanati ya delta inahitaji zaidi ya istilahi: neno alilolitamka mgonjwa, likiwa ndani ya alama za mtajo, na kando yake mambo manne yaliyoonwa kwa macho na mikono, yaani uvimbe ulikoanzia, kama unarudi, kama vidole vinafika juu yake, na saa ambayo maumivu yalianza. Daktari anayeipokea Kibiti usiku huweza kuamua kwa barua hiyo kama chumba cha upasuaji kifunguliwe sasa au asubuhi.