Ladu, Chakri na Chevda: Namna Vitu vya Sikukuu ya Diwali Vinavyotengenezwa Nyumbani

Msomaji aliyepata kupita mitaa ya Ngara au Parklands mjini Nairobi usiku wa Diwali ameziona taa ndogo ndogo zilizopangwa vizingitini, na yamkini pua yake ilipata habari kabla ya macho: harufu ya samli, iliki na unga wa dengu ukikaangwa. Wengi wetu tumekula vitu hivyo katika sahani iliyoletwa na jirani, lakini ni wachache waliopata kuelezwa jinsi vinavyofanywa. Tena wako akina mama, na wapishi waliofanya kazi miaka mingi katika majiko ya Wahindi, wanaotaka kuvitengeneza wavitie sokoni wakati wa sikukuu. Samli na sukari si vitu vya kuchezea, na sufuria moja ikiharibika faida ya juma zima hupotea. Kwa ajili yao hasa twaandika maelezo haya.

Neno Diwali latokana na lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni safu ya taa. Sikukuu hii huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, usiku ambao mwezi haupo angani kabisa. Wahindu wengi hukumbuka siku hiyo kurudi kwa Rama katika mji wa Ayodhya baada ya kukaa ugenini miaka 14 na kumshinda Ravana. Wafanya biashara wa Kigujarati humwomba Lakshmi baraka na kufungua vitabu vipya vya hesabu, kwa maana kesho yake ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wao. Wajaini nao humkumbuka Mahavira, na Masingasinga humkumbuka Guru Hargobind alipotoka kifungoni Gwalior. Hivyo taa ni zile zile, lakini sababu za kuziwasha ni nyingi.

Vyakula hivi si vigeni kwetu kama tudhanivyo. Chapati, bajia, ladu na achari ni maneno tuliyoyapata kwa Wahindi, na yalikuja pamoja na chakula chenyewe. Mtu wa Pwani aonapo barfi ya nazi mara moja humkumbuka ndugu yake, kashata.

Kabla ya kuwasha moto, hapana budi kujua unampikia nani. Wahindu wengi hawali nyama, na wengi wao hawagusi yai. Wajaini washikao sana dini hawali hata viazi, vitunguu wala kitunguu saumu, kwa kuwa ni vitu ving'olewavyo ardhini. Basi mafuta yaliyokaanga sambusa za nyama jana hayafai kukaangia chakri za Diwali leo, hata yakichujwa yakawa safi kama maji. Mnunuzi hawezi kuona tofauti, na kwa sababu hiyo hasa muuzaji apaswa kusema kweli. Tumia mafuta mapya ya mimea, samli halisi ya maziwa, na sufuria isiyonuka nyama. Mteja akiuliza, mwambie kila kilichomo.

Kazi yenyewe hupangwa kwa siku. Vitu vikavu vya chumvi hutangulia, yapata juma moja kabla, kwa maana katika mkebe uliofungwa vema vyaweza kukaa majuma mawili au zaidi. Ladu hufuata. Vitu vya maziwa huwa vya mwisho, na jalebi hufanywa siku ile ile.

Tuanze na ladu ya unga wa dengu, ambayo ndiyo mwalimu wa vitu vitamu vyote. Chukua gramu 500 za unga wa dengu, ule utumiwao kwa bajia, na ukipata uliosagwa kwa chenga ni bora zaidi. Samli iwe gramu 300, sukari iliyosagwa laini gramu 400, na kijiko kidogo kimoja cha iliki ya kutwangwa. Yeyusha samli katika karai nzito, mimina unga, kisha koroga kwa moto mdogo bila kupumzika. Mwanzoni utaona madonge makavu, nawe utadhani samli haitoshi. Usiongeze! Baada ya dakika 10 au 15 unga huanza kulegea, samli hujitokeza tena, na mwiko hupita kwa wepesi. Endelea mpaka rangi igeuke kuwa ya dhahabu iliyokoza na harufu iwe kama ya karanga zilizokaangwa. Kazi hii yaweza kuchukua dakika 25. Unga usioiva hubakiza ladha ya ubichi inayoganda kooni, wala sukari haiwezi kuificha.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Sukari haitiwi mpaka unga umepoa na kuwa vuguvugu, kiasi cha mkono kuweza kukaa ndani bila kuungua. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliagizwa kilo 5 za ladu, na kwa haraka ya kutaka kulala alitia sukari karai ingali moto. Sukari iliyeyuka, na mchanganyiko ukawa mfano wa uji. Alilia, kwa kuwa zaidi ya kilo moja ya samli ilikuwa imo humo, tena ya mkopo. Lakini haikuwa imepotea. Alikaanga unga mwingine kidogo, akauongeza, akaacha vyote vipoe usiku kucha, na asubuhi akaviringa ladu zilizokuwa laini kuliko kawaida, ila zenye kulika. Aliwaeleza wenye mali yaliyotokea, nao wakazichukua. Kwa vipimo tulivyovitaja utapata ladu 30 hivi za ukubwa wa ndimu.

Chakri ni kitu cha chumvi kinachoviringwa mfano wa mkeka wa duara. Changanya vikombe 2 vya unga wa mchele na nusu kikombe cha unga wa dengu, vijiko vikubwa 3 vya siagi, vijiko 2 vya ufuta, pilipili, manjano na chumvi. Sugua siagi ndani ya unga kwanza, ndipo utie maji ya moto kidogo kidogo mpaka upate donge laini. Donge hutiwa katika kifaa cha kukamulia ambacho Wagujarati hukiita sancho, chenye kisahani cha tundu mfano wa nyota, kisha hukamuliwa juu ya karatasi kwa kuzungusha. Ikiwa chakri yatawanyika ndani ya mafuta, siagi imezidi, ongeza unga. Ikiwa yatoka ngumu kama kokoto, siagi imepungua. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka mapovu yakaribie kukoma, maana mapovu ni maji yanayotoka, na maji yakibaki ndani chakri italegea kesho yake.

Chevda haina kanuni moja. Kila nyumba ina yake na kila nyumba husema yake ndiyo ya kweli. Iliyozoeleka kwetu ni ya viazi vilivyokatwa vijiti vyembamba, vikaoshwa maji mara tatu au nne ili wanga utoke, vikakaushwa vizuri kwa kitambaa na kukaangwa mpaka vilie vikitikiswa. Kisha huongezwa karanga, korosho, zabibu kavu, na majani ya mti ambao Wagujarati huuita limdo. Vikingali vya moto hunyunyiziwa chumvi, pilipili, manjano na sukari ya unga. Sukari hiyo isisahauliwe, kwa kuwa utamu kidogo nyuma ya pilipili ndio unaoifanya chevda kuwa chevda.

Kwa upande wa barfi ya maziwa, yafaa mtu ajue gharama kabla ya kutaja bei. Maziwa huchemshwa na kukorogwa mpaka yakauke yawe donge liitwalo mawa, na lita 5 za maziwa ya ng'ombe hutoa kilo moja ya mawa au pungufu. Ndiyo sababu siku hizi wengi hutumia maziwa ya unga. Si udanganyifu, mradi bei nayo iteremke. Barfi hii bila jokofu isikae zaidi ya siku mbili katika joto la Mombasa au Kisumu.

Jalebi yataka shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji. Chovya kijiko, acha tone lipoe kidogo, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha viachanishe. Ukiona uzi mmoja mwembamba, epua mara moja. Matone machache ya ndimu huzuia shira isigande.

Jambo la mwisho lahusu mafuta ya moto, kwa kuwa wakati wa sikukuu watoto huzunguka jikoni kama nzi. Karai iwekwe mahali palipo imara, mkono wake usitokeze nje. Mafuta yakianza kutoa moshi, punguza moto. Yakiwaka, zima jiko na ufunike karai kwa kifuniko cha chuma. Usimwage maji kamwe, kwa maana maji huyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Mtu akiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala unga. Kidonda kikiwa kikubwa, au kikiwa usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, mpeleke hospitali bila kungoja kesho.

Vitu vikishakaangwa vitandazwe juu ya karatasi vipoe kabisa ndipo vitiwe mkebeni, kwa kuwa mvuke ukifungiwa ndani hulegeza vyote usiku mmoja. Andika tarehe juu ya kifuniko. Chakri na chevda zisitiwe katika mkebe mmoja na ladu, maana harufu ya iliki huhamia kwenye chumvi, na wateja wa Kigujarati huitambua papo hapo.