Dampo Linapohama: Taka, Mabonde na Afya ya Dar es Salaam

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki Jiji kwa kutupa taka karibu na makazi yao, wakashinda. Katika shauri la mwaka 1991 la Festo Balegele na wenzake, Mahakama Kuu ilizuia utupaji wa taka Kunduchi Mtongani, ikizingatia haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Baadaye dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Safari hiyo inaonesha mgongano mmoja. Eneo ambalo jiji huliona kuwa tupu mara nyingi ni bonde, kinamasi au ukingo wa msitu, nalo tayari lina kazi yake. Vingunguti imepakana na bonde la mto Msimbazi, unaoingia Bahari ya Hindi kupitia mikoko. Mizizi ya mikoko hunasa tope na uchafu, na samaki wachanga na kamba hukulia humo.

Taka zilizorundikwa pasipo sakafu ya kuzuia maji hupenywa na mvua. Maji meusi yanayochuruzika hubeba vimelea na metali nzito, kama risasi, hadi visimani na mitoni. Uozo usiopata hewa huzalisha gesi ya methani, ambayo huweza kushika moto. Makopo na matairi yaliyotuamisha maji huwa mazalio ya mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi. Kwa hiyo kinachodhuru mikoko humdhuru na binadamu.

Hata hivyo, kufunga dampo pekee si hifadhi. Kaya isiyofikiwa na gari la taka huzitupa mferejini. Mfereji ukiziba, mafuriko ya masika huchanganyika na maji ya vyoo, na kipindupindu hupata njia.

Kupunguza mgongano huu huanzia jikoni. Zaidi ya nusu ya taka za miji ya Afrika Mashariki ni zile zinazooza, hasa mabaki ya vyakula. Zikitenganishwa mapema, huwa mboji. Zinazosalia huhitaji eneo dogo zaidi, lenye sakafu isiyopitisha maji na lililo mbali na vyanzo vya maji. Uteuzi wa eneo hilo wapaswa kuwakutanisha mhandisi, bwana misitu na bwana afya tangu mwanzo. Vinginevyo, nafuu ya mtaa mmoja itaendelea kuwa mzigo wa mtaa mwingine.