Mgonjwa wa Mwezi wa Sita

Mtu akilazwa leo, kesho kitanda chake kimezungukwa na ndugu, majirani na akina mama wa kanisa, kila mmoja na chupa yake ya chai. Sisi wauguzi twawaona kila siku, na twashukuru. Lakini tukivua sare na kwenda majumbani na kikundi chetu cha kanisa, twakuta wagonjwa wa namna nyingine: aliyepooza tangu mwaka jana, bibi asiyeona ambaye watoto wake wote wako mjini, baba wa kisukari aliyekatwa mguu. Hawa walikwisha kupewa pole zamani, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Mama mmoja anayemuuguza mumewe baada ya kiharusi alituambia kwamba juma la kwanza alikosa viti vya kuwakalisha wageni. Mwezi wa sita alikosa mtu wa kumshikia upande wa pili wa shuka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulala. Mama huyo aliifanya kazi hiyo peke yake.

Katika Mathayo 25, Bwana Yesu anawataja waliomtazama mgonjwa pamoja na waliomlisha mwenye njaa. Mwenye njaa akila leo, kesho huona njaa tena. Upweke nao ni vivyo hivyo. Hauponi kwa ziara moja. Tena hudhuru hata mwili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia jambo hili, kwa kuwa watu wapweke wako katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya moyo, kiharusi na sonona.

Basi akina mama, tufanyeje?

Tupange zamu. Afadhali wawili waende kila juma kuliko ishirini kwenda siku moja. Tusikae mno, nusu saa yatosha, kwani mgonjwa huchoka naye huona haya kutuaga.

Twende na mikono. Teka maji, fua shuka, au keti na mgonjwa ili mkewe aende sokoni au alale kidogo. Anayeuguza naye ahitaji kutazamwa. Mnapomgeuza mgonjwa, angalieni visigino, nyonga na mgongo. Ngozi ikibadilika rangi au kuchubuka, mwambieni mhudumu wa afya mapema.

Tupunguze maneno. Marafiki wa Ayubu waliketi naye siku saba bila kusema neno; walimwumiza walipoanza kutafuta kosa lake. Tusiulize mgonjwa alitenda nini, wala tusimsimulie habari za jirani aliyekufa kwa ugonjwa kama wake. Na tuliyoyaona chumbani yabaki chumbani.

Tuombe naye, lakini kamwe tusimwambie aache dawa. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6; anayeikatiza njiani aweza kupata ugonjwa sugu usiosikia dawa zile za kwanza. Mwenye virusi vya ukimwi naye, akimeza dawa zake kila siku, huishi na kulea wanawe. Kumshika mkono au kula naye sahani moja hakuambukizi.

Tunawe mikono tufikapo na tuondokapo. Mwenye mafua au homa asubiri apone kwanza.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya nyumba nyingi huanza wageni wanapokwisha. Mkikutana juma hili, chukueni orodha ya wagonjwa wa mtaa wenu. Msianze na jina lililoandikwa jana. Tafuteni lile la zamani kuliko yote, ambalo wino wake umeanza kufifia, mkabishe hodi huko kwanza.