Kwa nini bado tunaitazama Mission: Impossible wakati tunajua steringi hafi?

Sheria ya kibanda umiza ni moja na haijawahi kubadilika: steringi hafi. Atapigwa, atatekwa, atadondoka kutoka ghorofani, lakini muvi ikiisha utamkuta amesimama.

Ethan Hunt, jasusi anayeigizwa na Tom Cruise, ameifuata sheria hiyo kwa filamu nane za Mission: Impossible, kuanzia 1996 hadi 2025. Hakuna anayelipa kiingilio akidhani safari hii jamaa atashindwa.

Sasa kwa nini viganja bado vinatutoka jasho? Sababu ziko kama nne hivi.

1. Steringi hafi, lakini wenzake wanakufa

Kabla ya Cruise, Mission: Impossible ilikuwa tamthilia ya televisheni ya Marekani. Iliasisiwa na Bruce Geller na kurushwa na CBS kuanzia 1966 hadi 1973. Kikosi cha siri kinapewa kazi kwenye kanda inayojiharibu yenyewe, na wakikamatwa, serikali itawakana.

Hata ule muziki wake unaoujua ni wa wakati huo. Aliutunga Lalo Schifrin, mzaliwa wa Argentina, kwa mapigo matano badala ya manne tuliyozoea. Ndiyo maana unasikika kama unakimbizwa.

Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Brian De Palma, ilifanya jambo lililowaudhi baadhi ya mashabiki wa tamthilia. Iliua karibu kikosi kizima mapema kabisa, kisha ikamgeuza Jim Phelps, kiongozi waliyempenda kwenye televisheni, kuwa msaliti.

Tangu hapo mtazamaji ameshajua kwamba Ethan atapona, lakini aliyesimama pembeni yake hana uhakika wa kufika mwisho. Presha inahamia kwa marafiki. Ving Rhames, anayeigiza kama Luther, ndiye pekee aliyekuwemo na Cruise kwenye filamu zote nane, na kila anapotokea unajikuta unamwombea.

2. Mpango lazima ukwame

Kumbuka tukio la chumba cha CIA kwenye filamu ya 1996. Tunaelezwa sheria kwanza: sauti ikizidi, kengele inalia. Joto likipanda, inalia. Ukigusa sakafu, inalia. Kisha Ethan anashushwa kwa kamba kutoka darini, na tone la jasho linaanza kuteremka kwenye miwani yake.

Hakuna risasi wala muziki, na ukumbi mzima unanyamaza.

Fomula ni hiyohiyo mwaka 2011 kwenye Ghost Protocol. Ethan anapanda Burj Khalifa kwa nje. Jengo hilo la mita 828 liko Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaufahamu vizuri kwa safari za kufuata mzigo. Glavu za kunatia kwenye kioo zinaharibika angali juu. Mashine ya kutengeneza sura bandia nayo inagoma. Kikosi kinabaki na akili zake tu.

Jasusi ambaye vifaa vyake vinamsaliti anafanana na sisi zaidi kuliko jasusi ambaye kila kitu kinamwendea sawa.

3. Mwili ni wake kweli

Hapa ndipo jibu kubwa lilipo. Ethan Hunt hafi, lakini Tom Cruise ni mtu. Anaweza kufa.

Kwenye Burj Khalifa alikuwa pale kweli, ameshikiliwa na nyaya ambazo baadaye zilifutwa kwa kompyuta. Kwenye filamu ya 2015 alining'inia nje ya ndege ya Airbus A400M ikipaa. Mwaka 2017 jijini London aliruka kutoka jengo moja hadi jingine, akavunjika kifundo cha mguu. Kazi ilisimama kwa wiki kadhaa, na picha ile imebaki ndani ya Fallout. Unamwona akiinuka na kuchechemea.

Kisha Norway. Aliendesha pikipiki hadi ukingoni mwa genge, akajirusha na kufungua parachuti. Kwa mujibu wa watengenezaji, maandalizi yalihusisha zaidi ya miruko 500 kutoka angani. Tukio hilo lilirekodiwa siku ya kwanza kabisa. Kama lingeenda vibaya, ni bora lijulikane kabla hela nyingi hazijatumika.

Filamu ya nane ilimpeleka Afrika Kusini, akining'inia kwenye ndege ndogo ya kizamani, na akaruka mara 16 na parachuti inayowaka moto. Guinness wameitambua rekodi hiyo. Filamu ilipotoka Mei 2025 alikuwa na miaka 62. Si mchezo.

4. Zama za video feki

Tangu enzi za televisheni, silaha maarufu ya kikosi hiki ni sura bandia. Unayemwamini anavua uso, kumbe ni mwingine. Zamani ilikuwa burudani tu.

Leo video ya mtu maarufu akisema asichowahi kusema inaweza kukufikia WhatsApp kabla hujanywa chai. Na filamu mbili za mwisho zimelileta jambo hilo mezani: adui si binadamu, ni akili mnemba inayoghushi sauti na picha mpaka hakuna anayejua ukweli.

Mtu anayening'inia kweli angani, wakati huu ambao picha yoyote inaweza kutungwa, amekuwa na thamani mpya. Tuwe wakweli lakini: kompyuta zipo humo pia. Ile njia ya pikipiki kule Norway ilikuwa ya kujengwa, ikafichwa ionekane mwamba. Ila mwili ulioruka haukutungwa, na macho yetu yanaitambua tofauti hiyo.

Sasa itaendelea?

Nguvu hiyo ndiyo mtego wake. James Bond ameigizwa na watu sita kwenye mfululizo wake rasmi na bado yupo, kwa sababu Bond ni suti ambayo mwingine anaweza kuivaa. Mission: Impossible imefungwa kwenye mwili wa mtu mmoja, na mwili unazeeka.

Dalili za uchovu zipo. Fallout ya 2018 iliingiza takriban dola milioni 791 duniani, iliyofuata mwaka 2023 ikapata karibu milioni 571. Hadithi nazo wakati mwingine zinaonekana kama daraja tu la kutufikisha kwenye tukio lijalo la hatari.

Jina linaweza kupewa kijana mwingine. Lakini akiletwa wa kurukia mbele ya kitambaa cha kijani studio, tutabaki na ile sheria ya steringi hafi peke yake, na hiyo haijawahi kumtoa mtu jasho.

Hujawahi kuitazama? Anza na ile ya 1996, kisha Ghost Protocol, kisha Fallout. Bando likiwa dogo, chagua Ghost Protocol. Inajitosheleza.